Jicho Lenye Mlango Mpana

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anataja lenzi, mwanangu Zawadi, ni ile siku mama yangu, nyanya yako, alipoketi mbele yangu mchana wa jua kali, karibu kiasi cha kugusana magoti, na mimi mwenye kamera begani nikashindwa kumwona.

Juma lililopita uliniuliza mambo mawili. La kwanza ulinionyesha kwenye simu, lenzi mbili za bei ya watu kama sisi, moja ndefu ya kuvuta mbali na moja fupi nene ya sinema. Ukasema, "Papa mukubwa, zamu yangu ya kupokea fedha za likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana, imefika, na yule mama wa duka anapanda ndege kwenda Goma. Ataniletea moja tu. Nichukue ipi?" La pili uliniuliza jioni, baada ya kunisaidia kuitoa ile kanda yangu ya zamani na kuiingiza kwenye simu. Ulisema, "Mbona hii video haina picha? Iko sauti tu." Nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Sikukujibu hata moja. Sasa naandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo najua nitakatika njiani. Nilipoyatazama vizuri hayo maswali yako nikaona jibu lake ni moja.

Lakini usinichukue kama mwalimu. Shule yangu iliishia njiani, na kamera za siku hizi nazijua kwa kuchungulia tu begani mwako. Penye mashaka nitasema nina mashaka. Mzee akidanganya kijana kwa aibu ya kutojua, ni wizi kama wizi mwingine.

Nilipokuwa na umri kama wako nilifanya kazi kwa Mzee Asani, mpiga picha aliyekuwa na chumba chake karibu na kituo cha treni. Watu walimjua kwa picha za kadi na za arusi, lakini kiburi chake kilikuwa kamera ya video. Kitu kizito hicho! Kamera begani, waya unashuka hadi mashine ya kanda inayoning'inia ubavuni kama mkoba, na mashine yenyewe inakula betri ya gari. Ukipiga arusi nzima, kesho yake unatembea umeinama upande mmoja. Hata kioo kidogo cha kuchungulia kilionyesha watu wa kijivu, bila rangi. Uzuri wake mmoja ni kwamba lenzi, ambayo Mzee aliita jicho, ilifunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kamera ya filamu ya parokia ilipokufa, padri alimpa Mzee macho yake mawili ya sinema, na kumbe yalikuwa na uzi uleule wa kufungia. Moja lilikuwa refu, la kuvuta mbali. La pili lilikuwa fupi, nene, na kioo chake cha mbele kilikuwa kikubwa kama jicho la bundi.

Kisha vita vikagawanya mji wetu wa Kindu. Unajua ulivyo: huku kituo na soko, kule ng'ambo Alunguli, na mto Lualaba katikati. Huku walikuwa wenye bunduki hawa, kule wenye bunduki wale, na mtumbwi ulioonekana katikati ulipigwa risasi bila kuulizwa umebeba nini. Mama alikuwa Alunguli, nyumbani kwetu, pamoja na baba yako aliyekuwa bado mtoto. Mimi nilikuwa huku kazini. Asubuhi nilivuka kama kawaida, jioni mto ukafungwa. Hivyo tu. Sikuaga, maana nani anaaga akienda kazini?

Mvuvi mmoja, aliyebaki akipita kwa siri, aliniletea maneno ya mama: "Kila asubuhi jua likipanda nitakuja mtoni. Nitageuza karai. Ukiona karai limegeuka, ujue niko mzima." Nikamwomba Mzee Asani kamera na lile jicho refu, nikapanda ukingo nyuma ya ghala bovu la reli, pale askari hawakupenda kwenda kwa sababu ya nyoka. Nikavuta. Nikaona watu wadogo wa kijivu wanachota maji. Mmoja akasimama, akaelekea kwetu, akainua karai jeupe juu ya kichwa, akaligeuza chini juu. Mwanangu, nililia hadi kioo kikaingia ukungu.

Sikumwona uso. Hilo liandikwe sawasawa. Kwa jicho lile, mtu wa ng'ambo alikuwa mkubwa kama punje ya mpunga. Niliona karai, na namna ya kusimama. Lakini namna ya kusimama ya mama nani asiyeijua?

Baada ya miezi, Mzee Asani akaamua kuondoka. Njaa ilikuwa imeingia mjini, na alikuwa na ndugu Kibombo. Angekwenda akisukuma baiskeli kando ya reli isiyopita treni. Aliniita, akaweka macho yote mawili juu ya kitambaa.

"Kamera nakuachia," akasema. "Kuisukuma hadi Kibombo siwezi, na askari wataninyang'anya. Macho nitakuachia moja. Ingine nitaiuza, njo itakuwa chumvi yangu ya njiani. Chagua."

Mkono wangu ukaenda kwa lile refu kabla hajamaliza.

Akacheka. "Unataka kuhesabu mamba wa ng'ambo?"

"Nataka kumwona mama, Papa."

Akaacha kucheka. Akachukua lile fupi, akaliinua mbele ya mlango ili mwanga upite. "Tazama. Hili lina mlango mpana. Nambari yake moja nukta nne. Lile refu nambari yake ni nne. Nambari ikiwa ndogo mlango ni mkubwa, usisahau, watu wengi wanageuza. Mwanga unaopita hapa ni mara nane ya ule unaopita kule. Mama yako hatabaki mtoni siku zote, mutoto. Siku moja utamtaka ndani ya nyumba."

"Siku hiyo atakuwa nyumbani kwangu," nikamjibu. "Nitamwangalia mwenyewe. Nitataka kamera ya nini?"

"Mutoto ana majibu," akasema, akalifunga lile fupi ndani ya kitambaa. Akiwa mlangoni akageuka. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hilo jicho litakuonyesha muntu asiyekuona weye. Utachoka."

Watu hupenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu liko zima, na bado sijui kama nilikosea. Jicho lile refu lilinipa mama kila asubuhi yenye jua. Wengine mjini walikuwa na ndugu ng'ambo na hawakujua kama wanaomboleza au wanangoja. Mimi nilijua. Wengine walikuja kuniomba niwatazamie watu wao, nami nikawatazamia, na kama mara mbili nilirudi na habari njema. Nikilisema vibaya jicho lile nitakuwa mtu asiye na shukrani.

Lakini kweli nilichoka, kama alivyosema. Unamwona mtu, naye anatazama ukuta wa maji. Nilikuwa nainua mkono, mjinga mimi, kana kwamba angeuona.

Asubuhi moja mama hakuja mtoni. Wala ya pili. Ya tatu, kabla jua halijapanda, mlango wa chumba nilimolala huku mjini ukakwaruzwa chini, kama kuku anavyokwaruza. Nikafungua. Mvuvi yuleyule, na nyuma yake mwanamke aliyelowa, ananuka nyavu na samaki. Alikuwa amelazwa chini ndani ya mtumbwi, wamemfunika nyavu juu.

Ni mama. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Nimechoka kugeuzia karai muntu nisiyemuona," akasema. "Baba yenu mudogo anaangalia mutoto. Nipe maji."

Wakati ule, mtu wa ng'ambo akionekana huku anaitwa mpelelezi, na mwenye nyumba pia. Kwa hiyo tulifunga mbao za madirisha, tukaweka kitambaa chini ya mlango, na mama akakaa ndani mchana wote akingoja mvuvi amrudishe kabla ya alfajiri nyingine. Unakijua chumba kile, ndicho unachowekea magunia siku hizi. Nje jua lilikuwa linachoma. Ndani hapakuwa na mwanga ila ule uliopenya kwenye matundu ya misumari ya bati, vidoa vidogo sakafuni kama mtu amemwaga shanga.

Alikuwa amekuja na wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya lile karai, amevifunga kwa majani. Akavuka risasi na chakula mkononi! Tukala. Akaniuliza kwa nini nimekonda, akajijibu mwenyewe. Akanisimulia baba yako anavyokataa kuoga, anavyodai maji ya mto yana bunduki. Nikacheka kwa kuziba mdomo.

Kisha hofu ikanishika. Niliona kwamba kesho hatakuwepo. Yale majibu niliyompa Mzee Asani, kwamba nitamwangalia mwenyewe, yakaanza kuniwasha kama upupu. Macho yangu yalikuwa yanamwangalia, ndiyo, lakini macho hayana kanda. Nikaleta betri. Nikafunga waya. Nikaweka kamera begani, na lile jicho refu mbele, maana sikuwa na lingine.

Kwanza nikaona nimekaribia mno. Jicho la mbali halipendi karibu, linakataa, linafanya ukungu. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Hapo likakubali kidogo, lakini kilichoingia ni kipande cha shavu, kama ni shavu. Nikafungua mlango wake hadi mwisho, kwenye ile nne. Giza. Kioo cha kuchungulia kilikuwa cheusi, na kidoa kimoja cha tundu la msumari kinaelea.

"Mama, geuka kidogo upande wa mwanga."

"Mwanga gani? Si weye mwenyewe ulifunga madirisha?"

Nikaenda nikasukuma ubao wa dirisha upana wa kidole. Nje, karibu sana, mtu akakohoa na mwingine akacheka, na nikasikia chuma kinagonga chuma. Nikarudisha ubao. Tukakaa kimya hadi wakapita. Kanda ilikuwa bado inazunguka.

"Unaona nini humo?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Giza, mama."

"Basi mimi nimeacha mto nyuma yangu, nimelala chini ya samaki, ili mwanangu aangalie giza? Weka hiyo kitu chini. Njoo hapa."

Nikaiweka chini. Nashukuru sikuizima; sikuizima kwa kusahau, si kwa akili. Nikaenda nikakaa karibu naye, akanishika kichwa kama mtoto, akanisemea maneno ambayo wewe uliyasikia kwenye simu juma lililopita, ukadhani video imeharibika. Haikuharibika, mwanangu. Ndivyo ilivyo. Ni mama yangu, na ni jicho lenye mlango mwembamba.

Alivuka salama kurudi. Asubuhi iliyofuata niliona karai limegeuka. Asubuhi nyingi baada ya hapo pia. Kisha mvua zikaja, mto ukafunikwa na ukungu siku nyingi, na ulipofunguka hakuwepo mwenye karai. Nilipovuka, mto ulipofunguliwa, walinionyesha kaburi. Ilikuwa homa, si risasi. Nyumba yetu ilikuwa imeungua na picha zote za ukutani. Basi duniani hakuna uso wake mahali popote, ila kichwani mwa baba yako na kichwani mwangu. Na vichwa vyetu havipatani. Baba yako anaapa mama alikuwa na mwanya. Mimi mwanya siukumbuki. Yeye alikuwa mtoto, lakini aliishi naye hadi mwisho. Mimi nilikuwa mtu mzima, lakini mchana wangu wa mwisho naye ulikuwa wa giza. Sina haki ya kumbishia, na bado nambishia.

Mzee Asani nilimwona tena amani iliporudi. Lile jicho fupi aliliuza Kibombo, akapata chumvi na dawa, akapona yeye na ndugu zake. Siwezi kulilia kioo kilichoponya watu. Tulikunywa chai. Akaniuliza, "Mama yako ulimpata ndani ya nyumba?"

"Nilimpata, Papa."

"Na picha?"

"Giza."

Nilimngojea aseme, "Nilikuambia." Alikuwa na haki. Hakusema. Alinisogezea sukari. Mwanangu, katika yote aliyonifundisha, labda ile sukari ndiyo kubwa.

Sasa nirudi kwenye swali lako, usije ukasema mzee ameanza na lenzi akaishia kaburini.

Yule kijana anayepiga arusi za mtaa wa Mikelenge ana lenzi ndefu ya kuvuta, na wewe unaitamani kwa sababu anasimama mbali, anavuta, watu wanasema huyu ni fundi. Sitamsema vibaya. Kama kazi yako ingekuwa mpira uwanjani, au gwaride la sikukuu, au mtumbwi katikati ya mto, ningekuambia nunua ileile. Jua la Kindu mchana halihitaji mlango mpana, linaingia hata ukilifungia.

Lakini jiulize watu wanakuita wapi. Wanakuita kwenye chumba cha bibi arusi kabla hajatolewa, shangazi zake wamejaa, dirisha moja na wote wamesimama dirishani. Wanakuita kanisani jioni umeme umekatika, msikitini penye kivuli, kwenye matanga chini ya turubai mvua inanyesha. Watu wetu mambo yao makubwa wanayafanya ndani. Na lenzi za kuvuta za bei yetu, kadiri unavyovuta ndivyo mlango wake unavyozidi kujifunga. Soma nambari zilizoandikwa mbele, utaona ni mbili, ya kutovuta na ya kuvuta. Ile ya pili ndiyo itakayokukuta chumbani ukivuta uso.

Ile fupi ya sinema uliyonionyesha imeandikwa herufi T na moja nukta tano. Nilikuuliza kwa nini T, ukanielezea, na kama nilikuelewa ni hivi: nambari nyingine zinakuambia mlango ulivyo mpana, T inakuambia mwanga uliofika kweli ndani. Nilipenda hiyo. Mtu anaweza kuwa na mlango mpana na bado mgeni asifike mezani. Kwa hiyo ukilinganisha mbili, usilinganishe maneno ya muuzaji, linganisha nambari hiyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwambie yule mama wa duka mambo kabla hajapanda ndege, kwa sababu kutoka Goma hakuna kurudisha. Mdomo wa lenzi, pale inapofungwa kwenye kamera, uwe wa kamera yako hasa, si wa jina linalofanana. Sisi uzi wa padri ulikubali kwa bahati, wewe usiombe bahati. Tena iwe imetengenezwa kwa ukubwa wa kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Ikiwa ya kipande kidogo kuliko chako, pembe za picha zitakuwa nyeusi, na giza mimi nimeshakusimulia la kutosha. Halafu urefu, ule unaohesabiwa kwa milimita. Utapenda hamsini, kwa sababu uso unapendeza. Lakini kumbuka mgongo wangu ulivyogonga ukuta. Vyumba vyetu ni vidogo. Kwa kamera yako nadhani thelathini na tano, na kama ni chumba kama changu, hata ishirini na tano, maana nambari hiyo ikipungua lenzi inaona upana zaidi. Hapa nina mashaka, kajaribu kwanza na lenzi uliyo nayo, isimamishe kwenye nambari hiyo, uingie chumbani uone nani anabaki nje ya picha.

Na usidhani ukiipata umepumzika. Haijirekebishi yenyewe, unaizungusha kwa mkono. Mlango ukiwa wazi wote, pua inaonekana safi na sikio limepotea, na bibi arusi akiinama kidogo umempoteza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jifunze na kikombe mezani, kisha na mtoto anayecheza, hadi mkono ujue bila kuuliza. Ndiyo maana gurudumu lake lina meno na linazunguka safari ndefu, ili kosa dogo la kidole lisiwe kosa kubwa usoni. Za bei nafuu, mlango ukiwa wazi kabisa, picha huwa laini kidogo, na taa ikiingia mbele inatoa madoa. Funga hatua moja mwanga ukiruhusu. Usiporuhusu, kubali ulaini. Uso laini ni uso.

Ukiileta, ilinde na unyevu. Msimu wa mvua hapa kwetu unaotesha ukungu hadi ndani ya kioo, na ukishaota hautoki. Iweke kwenye chombo cha kufunga pamoja na mchele mkavu uliofungwa kitambaani, na mchele wenyewe ubadilishe. Mzee Asani alifanya hivyo. Nilikuwa nikicheka kwamba macho yake yanakula kuliko mimi.

Basi nasaha yangu, nikiikusanya: usichague lenzi kwa yule unayetamani kumwona mbali. Chagua kwa yule utakayekuwa naye karibu na mwanga ukiwa haba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na jicho nalo ni hivyohivyo. Wa mbali, mwanangu, mfuate kwa miguu. Mama alinionyesha kwamba hata mto wenye risasi unavukwa. Na ukishapiga picha yako, weka kamera chini, ukae karibu na mtu, maana Mzee Asani alikuwa na haki na mama pia alikuwa na haki. Nimezeeka nikiwapatanisha.

Ombi langu ni moja. Hiyo lenzi ikifika, usianze na arusi. Njoo kwangu mchana wa jua kali. Toa magunia kwenye chumba kile, funga mbao za madirisha, niketi pale chini ya matundu ya misumari alipoketi yeye. Ukingoni mwa mto, wazee wa Alunguli wakiniona kwa ghafla wananiita kwa jina la mama, kisha wanaomba radhi. Wanasema tangu nywele zilipokuwa nyeupe uso wangu umekuwa wake. Mimi sijui. Kwenye kioo cha kunyolea naona mzee tu. Fungua mlango wa hilo jicho hadi mwisho, unipige, kisha umwonyeshe baba yako, aseme kama ni yeye. Mwanya nitamwachia, kwa hilo nimekubali kushindwa.

Nakuombea kwa maneno aliyoniombea yeye gizani, yale uliyoyasikia bila picha, ili yasiishie kwangu: Mungu akupe nyumba isiyofungwa madirisha. Akupe watu wa kukungoja na miguu ya kuwafikia. Ukivuka, maji yakujue. Ukirudi, ukute chakula kingali moto. Amina, mwanangu Zawadi. Amina.